Betheli

Betheli ni mji wa kale wa Kanaani, kaskazini mwa Yerusalemu, uliojulikana kwanza kama Luzu. Katika Mwanzo 28, Yakobo alilala hapo akaota ngazi iliyofika mbinguni, naye akapaita nyumba ya Mungu. Baadaye mfalme Yeroboamu alisimamisha ndama wa dhahabu papo hapo, na nabii Amosi alipokemea aliambiwa aondoke. Wataalamu wengi wa mambo ya kale wanaona kuwa mji huo ulikuwa katika kijiji cha leo cha Beitin, karibu na Ramallah. Wakristo wameikumbuka ndoto kuliko ndama, ndiyo maana jina hili limeenea mbali hivi.

Kwa Tanzania, jina lilipitia Ujerumani. Karibu na Bielefeld kulikuwa na makao ya wagonjwa wa kifafa, yaliyoanzishwa mwaka 1867 na baadaye kuitwa Bethel. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliyaongoza kuanzia 1872. Mwaka 1890 aliingia katika uongozi wa jumuiya ya misheni iliyoundwa Berlin mwaka 1886 kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Jumuiya hiyo ilihamishia ofisi zake Bethel mwaka 1906, na hatimaye ikaitwa Misheni ya Bethel.

Uzaramo unastahili kutajwa hapa ingawa jina lenyewe lilichelewa. Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887 kwa niaba ya jumuiya hiyo, kisha akafungua kituo Kisarawe mwaka 1892. Kituo cha Maneromango kikafuata. Wilaya ya Kisarawe ya leo, yenye kata kama Maneromango, Marui na Msanga, imo katika eneo hilo la kazi ya mwanzo. Mwaka 1903 vituo vya Uzaramo vilikabidhiwa Misheni ya Berlin, kabla jumuiya haijachukua jina la Bethel. Kwa hiyo historia ya Bethel isianzie Usambara peke yake, kama inavyosimuliwa mara nyingi.

Usambarani, kituo cha Mlalo kilianza 1891, na Lutindi ikawa makao ya watoto waliokombolewa utumwani kabla ya kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mmisionari Ernst Johanssen aliongoza kazi ya jumuiya nchini Rwanda mwaka 1907, na Bukoba ikafikiwa 1910. Mwaka 1971 Misheni ya Bethel iliungana na Misheni ya Rhein.

Kwingineko, Richard Allen alianzisha kanisa la Bethel la Wamarekani weusi mjini Philadelphia mwaka 1794. Nchini Ethiopia, Kanisa la Bethel liliungana na Kanisa la Mekane Yesus mwaka 1974. Mashahidi wa Yehova nao huziita ofisi zao za tawi Betheli.

Msomaji asilichanganye jina hili na la mji wa Bethal, Afrika Kusini: huo ulipata jina lake kutoka kwa wanawake wawili, Elizabeth na Alida.