Pijo iliyowafunza mafundi wa Nairobi kufungua reki

Rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari iliyotolewa na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Kenya, mwaka 2025 ilizua kelele kuhusu ada na foleni. Wenye magari ya binafsi yaliyozidi umri wa miaka minne waliambiwa wajiandae kwa ukaguzi, shughuli ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mzigo wa matatu na malori. Katika gereji za Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hofu ilikuwa ya namna nyingine. Mkaguzi akishika gurudumu la mbele la pikapu kuukuu na kulitikisa kushoto na kulia, mara nyingi kitu hugonga ndani. Huenda ni tairodi, huenda ni boli jointi. Fundi wa zamani huomba isiwe reki.

Reki ya stelingi ni fimbo ya chuma iliyolala mkingamo chini ya injini, yenye meno upande mmoja. Gia ndogo iliyo mwishoni mwa mti wa usukani inayashika meno hayo. Dereva akigeuza, gia inaisukuma fimbo kushoto au kulia, na tairodi mbili huyavuta magurudumu. Ni hayo tu. Kwa sababu ni kitu chepesi hivyo, kikichoka dereva hujua mara moja: usukani unalegea katikati, gari linatangatanga kwenye lami, na kila shimo unalihisi viganjani.

Aliyenisimulia historia hii ni fundi mstaafu aliyeanza kazi akiwa mwanagenzi katika gereji ya Pijo, yaani Peugeot, miaka ya 1960, kisha akafungua kibanda chake mwenyewe. Hakutaka jina lake liandikwe. Vijana wa barabara hiyo humwita Mzee wa Pijo, na yeye huwaita wote vijana wangu, hata walio na mvi. Nilimpelekea tarehe nilizozikusanya: kwamba gari la magurudumu matatu la Karl Benz, lililopewa hataza mwaka 1886, tayari lilipindishwa kwa fimbo ya meno, kwamba Citroën iliitia reki Traction Avant mwaka 1936, baada ya gari hilo kutoka haraka haraka miaka miwili kabla na kampuni kufilisika, kwamba Morris Minor na Peugeot 203 zilitoka na reki mwaka 1948. Alisikiliza kwa adabu. Kwake historia inaanza na 404.

Peugeot 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, na miaka mitatu baadaye ilikuwa imeshinda Safari Rally. Mashindano ya 1963 yalikuwa mabaya mno. Magari 84 yaliondoka, saba ndiyo yaliyomaliza, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na tena 1967 Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda na Chris Rothwell wakiwa na 404. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakamaliza saba tena, na Nowicki akarudia ushindi wake. Watu wazima wa Kenya, Uganda na Tanzania wa enzi hizo bado wanakumbuka walisimama wapi kandokando ya barabara wakingoja vumbi la kwanza.

Mzee wa Pijo anasema ushindi ule ulikuwa wa reki. Hapa natia shaka kidogo. Volvo PV544 ambayo Joginder Singh alishinda nayo mwaka 1965 ilitumia boksi la stelingi, si reki, na ilifika. Nilipomwambia hivyo alinitazama kama anayemtazama mteja aliyekuja na spea bandia, akasema Joginder angeweza kushinda hata na mkokoteni. Hoja yake, hata hivyo, ina uzito. Safari ilifanya kazi ya mtangazaji. Mkulima wa Nyeri au mfanyabiashara wa Kisumu aliyekuwa na fedha za pikapu moja maishani aliona 404 ikitoka kwenye matope, akaenda akaagiza 404. Ndivyo reki ilivyoingia mashambani kwa wingi, katika nchi ambako pikapu nyingine zilizoonekana barabarani zilikuwa na boksi.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ambazo mabasi yalidaiwa. Pikapu za tani moja zikajengewa bodi za bati na benchi mbili zinazotazamana, zikajazwa watu, kuku na magunia ya viazi. Hakuna mhandisi wa Pijo kule Sochaux, Ufaransa, aliyewahi kuipigia reki hesabu ya mzigo wa namna hiyo. Miaka hiyohiyo ya 1970 Kenya ilipata viwanda vitatu vya kuunganisha magari: Thika, Nairobi na Mombasa. Pijo ziliunganishwa Mombasa, na maisha yao hapa yakapita yale ya kwao. Ufaransa iliacha kuunda 404 miaka ya 1970. Kenya iliendelea hadi 1991. Peugeot 504, ambayo nayo ilikuwa na reki na iliyoshinda Safari mwaka 1975 na 1978, iliunganishwa hapa hadi 2004.

Ugomvi alioutaka sana niuandike ulitokea kati ya kambi mbili za mafundi wa miaka hiyo, na anausimulia kana kwamba ulikuwa wiki jana.

Kambi ya kwanza ilikuwa ya boksi. Hawa walilelewa na Land Rover, Datsun na Toyota, na walisema reki ni kitu cha barabara za Ulaya. Boksi limefungwa, lina oili yake ndani, na likilegea kuna skurubu juu: unalegeza nati, unakaza skurubu robo duara, unafunga nati, unanawa mikono. Kambi ya pili, ya Pijo, ilijibu kwamba boksi linahitaji msururu wa viungo kati yake na magurudumu, kila kiungo kikiwa na mlegeo wake, kwa hiyo hata boksi likiwa jipya usukani utacheza.

Kila kambi ilikuwa na haki. Tatizo lilianza watu wa boksi walipoanza kuletewa Pijo. Waliifanyia reki walichozoea kulifanyia boksi: walitafuta mahali pa kukaza.

Mahali hapo papo. Nyuma ya fimbo ya meno kuna kishikilio kinachosukumwa na springi ili meno ya fimbo na ya gia yasiachane, na nafasi yake hupimwa kwa vibati vyembamba sana. Fundi aliyekuwa na vibati halisi alivipima kwa fila geji. Asiyekuwa navyo alichukua mkasi na mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo. Kipande cha mkebe kikatwe duara, kiingie nyuma ya springi, na papo hapo ule mlegeo wa katikati unatoweka. Mteja anazunguka mtaa mmoja, anatabasamu, analipa.

Mzee wa Pijo alinichorea kwa kalamu kwenye boksi la spea kwa nini tabasamu hilo halikudumu. Gari hutumia karibu maisha yake yote likienda mbele. Meno ya katikati ya fimbo ndiyo yanayosagana kutwa kucha, na yale ya pembeni, yanayoguswa mtu anapopinda kabisa, hubaki karibu kama yalivyotoka kiwandani. Ukikaza hadi katikati palipoliwa pabane vizuri, pembeni pasipoliwa patabana kupita kiasi. Dereva anaingia kwenye mzunguko wa barabara, anakata usukani, na anapotaka utoke haurudi wenyewe. Inabidi aurudishe kwa nguvu za mabega. Alimtaja dereva mmoja wa matatu aliyerudi gerejini akilalamika kwamba gari sasa linapenda mzunguko kuliko linavyopenda nyumbani. Abiria walikuwa wamecheka. Makanga hakucheka, maana ndiye aliyekuwa amening'inia mlangoni.

Ikawa vita vya maneno. Watu wa mkebe walisema wenzao wanataka kuwauzia maskini reki mpya ya dukani ambayo bei yake inalingana na mazao ya msimu. Watu wa kufungua walijibu kwamba hakuna aliyesema inunuliwe mpya. Na hapa ndipo, kwa maoni yangu, mtaa ule ulipopata ujuzi wake. Walijifunza kuishusha reki nzima, kuivua mipira ya vumbi, kuitoa fimbo na kuiosha kwa mafuta ya taa, kisha kuitazama mwangani. Ikiwa meno ya katikati yameliwa hadi kucha inanasa, reki imekwisha na mwenye gari huambiwa ukweli. Ikiwa meno ni mazima, kilichokufa mara nyingi ni bushi inayoishika fimbo upande wa pili wa gia. Bushi hiyo ilipelekwa kwa fundi wa kukereza, akachonga nyingine. Fimbo ikapakwa grisi mpya, mipira mipya ikafungwa, na vibati vikapimwa fimbo ikiwa imesukumwa hadi pembeni, mahali panapobana zaidi, wala si katikati. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo siri yote, na iliwachukua miaka.

Kitu kimoja walikubaliana bila ubishi: hakuna kuchomelea. Tairodi iliyopinda hainyooshwi kwa moto, na fimbo iliyopasuka haipelekwi kwa fundi wa welding. Waliowahi kujaribu, alisema Mzee, walihama mtaa.

Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985 na kuamuru wajengewe vibanda, jina la jua kali likapanda hadhi hadi likaingia kwenye nyaraka za serikali. Vibanda vilijengwa. Kuhusu maarifa yenyewe, sikuona yameandikwa popote. Tuna vitabu vya Safari vyenye picha za rangi, majina ya madereva hadi wa nafasi ya saba, na hatuna hata kurasa chache za mtu aliyeeleza jinsi reki ya 404 ilivyofanywa iishi miaka 30 kwenye barabara ya Kitui. Tunajivunia vumbi, tunawasahau waliokuwa wamelala chini ya gari.

Yaliyofuata Mzee huyapitia haraka. Miaka ya 1990 milango ya magari yaliyotumika ilifunguliwa, viwanda vikadhoofika, Pijo zikapungua. Toyota Hilux, ambayo tangu 1968 ilikuwa gari la boksi, nayo ikahamia upande wa pili: ile iliyotoka mwaka 2004, tunayoiita Vigo, ilikuja na reki. Mzee alisema hilo taratibu, kama mtu aliyesubiri hukumu ya korti miaka 40.

Lakini reki ya Vigo si ya Pijo. Ina oili ya pampu, na ndani ya bomba kuna sili zinazotenga upande wa kushoto na wa kulia. Mpira wa vumbi ukipasuka, maji na mchanga huingia, fimbo hupata kutu, na kutu hukata sili hata zikiwa mpya za jana. Ndiyo maana reki inayovuja hubadilishiwa sili leo na mwezi ujao inavuja tena, na fundi anaitwa mwizi. Mafundi wengi wa sasa hawaifungui kabisa. Wanaitoa nzima na kufunga nyingine ya mtumba.

Kuifunga vizuri kuna taratibu zake. Magurudumu yanyooshwe na usukani ufungwe kwa mkanda wa kiti kabla ya kuachanisha kiungo, kwa sababu ukizunguka ovyo unakata utepe wa waya wa eabegi. Zamu za reki zihesabiwe toka mwisho hadi mwisho ili katikati yake ipatikane. Oili ikishaingia, magurudumu yainuliwe na usukani ugeuzwe polepole pande zote hadi mapovu yaishe kwenye kopo la pampu. Kisha gari liende likapimwe magurudumu, si kesho, siku hiyohiyo.

Kuhusu kununua reki yenyewe, Mzee wa Pijo aliniongezea maelekezo bila kuombwa. Muuzaji akikuapia kwamba reki ya Vigo aliyoishika imetoka kwenye gari lililokuwa likiendeshwa Japani, jua anakisia: Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na haikuirudisha hadi 2017. Vigo ziliundwa Thailand, Afrika Kusini na Argentina, na reki yake inaweza kuwa imetoka hata Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi. Kwa hiyo usitazame rangi ya nje, maana hupigwa brashi na kupuliziwa. Geuza gia kwa mkono toka mwisho hadi mwisho, usikilize kama katikati panateleza au panalegea. Shika reki endi, kiungo kilicho mwishoni mwa fimbo, uitikise. Halafu mwambie muuzaji afungue klipu ya mpira wa vumbi, auvute nyuma, akuonyeshe fimbo. Ing'ae kama kijiko. Akianza kusema mpira utachanika, mrudishie reki yake na uvuke barabara, maduka ni mengi.