Nani Alipe Bili ya Kitu cha Bure?

Fungua OpenStreetMap, uisogeze hadi Mwitongo kule Butiama, mkoani Mara, alikozikwa Mwalimu Nyerere Oktoba 1999. Unayoiona ni ramani isiyouzwa. Yeyote ana ruhusa ya kuichora, kuirekebisha, hata kuipakua kwenye simu akaitumie porini pasipo na mtandao. Lakini kompyuta zinazoihifadhi zinakula umeme, na umeme haukopeshwi. Hapo ndipo kazi zote huria zinapobanwa.

Watanzania tulilionja jambo hili mapema. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maelezo. Fedha zilitoka Sweden. Ilikuwa kazi ya heshima, na wataalamu wetu hawana cha kulaumiwa. Tatizo ni kwamba mradi wa mfadhili huzaliwa na tarehe yake ya kufungwa, wakati programu hutoa toleo jipya kila mara na kila toleo linadai mfasiri. Watumiaji hatukuwahi kuombwa chochote, nasi hatukujiona wenye mali.

Programu mama nayo haikusalimika. OpenOffice ililelewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, iliyoifanya huria mwaka 2000. Januari 2010 Sun ikamezwa na Oracle, na waliokuwa wakijitolea wakaingiwa na wasiwasi juu ya nia ya tajiri mpya. Septemba 28 mwaka huohuo wakajitenga, wakaiita kazi yao LibreOffice. Walikuwa na ujuzi tele na mfuko mtupu.

Walitaka kuunda taasisi chini ya sheria za Ujerumani, nayo ilihitaji mtaji. Februari 2011 wakatangaza kwamba wanahitaji euro 50,000, wakaelekeza ombi kwa watumiaji wa kawaida. Zilitimia kwa siku nane. Mwaka uliofuata taasisi hiyo, The Document Foundation, ikasajiliwa Berlin, na katika katiba yake wakahakikisha hakuna kampuni moja itakayoshika zaidi ya theluthi ya viti vya uongozi. Kwangu mimi kifungu hicho kina uzito kuliko zile euro: mchango usio na kura ni sadaka tu.

Wana-Mara hawahitaji kufundishwa kujitegemea na Wajerumani. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilishakemea kuifanya fedha, hasa ya wageni, kuwa msingi wa maendeleo. Na vijijini maboma ya madarasa bado yanasimama kwa mchanga, mawe na michango ya wananchi kabla serikali haijaleta bati.

Ramani imepita njia zote mbili, ya mfadhili na ya kujitolea. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Dar es Salaam, mwaka 2015, Ramani Huria ilichora mitaa inayofurika kwa msaada wa Benki ya Dunia. Mwaka huohuo ukaanza mradi wa Crowd2Map, ambao Mara inaujua kwa karibu, na huu uliegemea watu wa kujitolea: walio mbali wanachora nyumba na barabara kutoka picha za setilaiti, na wenyeji wanaandika majina, maana setilaiti haijui kijiji kinaitwaje. Hitaji kubwa lilikuwa kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji. Taarifa ikifika usiku, polisi wa dawati la jinsia na wahudumu wa nyumba salama za Mugumu na Butiama lazima wajue wanaelekea wapi, na vijiji vingi havikuwa kwenye ramani yoyote ya kuaminika.

Taasisi inayotunza OpenStreetMap, iliyoundwa mwaka 2006, hupokea fedha za makampuni makubwa pia, na tusidanganyane kwamba hizo hazina ushawishi. Ila kura ni za wanachama. Ada ya uanachama ni pauni 15 kwa mwaka. Asiye nazo anaweza kuomba uanachama bila malipo akiwa amechora ramani kwa siku 42 katika mwaka mmoja. Kijana wa Musoma, Bunda au Butiama mwenye simu na bando kidogo anazimudu siku hizo. Aanze na kijiji chake, kisha aombe kura yake.