Sumu ya Degedege: Pikrotoksini na Samaki wa Maji Baridi

Sumu ya degedege ni kemikali yoyote ambayo, ikishaingia katika mfumo wa neva wa mnyama, huondoa breki za mfumo huo, hata seli za neva zikatoa amri bila mpangilio na misuli ikakaza na kulegea pasipo mwenyewe kutaka. Istilahi hii inahitajika kwa sababu neno sumu peke yake husema kwamba kiumbe kimedhurika bila kueleza kimedhurika kwa njia gani, na katika uchunguzi wa samaki waliokufa ndani ya maji, njia ndiyo inayotafutwa. Mfano wake mkuu, na ndio uliofundisha wanasayansi mengi kuhusu breki hizo, ni pikrotoksini, sumu itokayo katika tunda la mmea.

Mmea wenyewe huitwa kitaalamu Anamirta cocculus, nao ni mmea wa kutambaa wenye shina gumu, unaopanda miti katika misitu ya India, Sri Lanka na Asia ya Kusini-mashariki. Matunda yake madogo hukaushwa, yakapondwa na kutiwa katika maji yaliyotulia ili samaki wapoteze nguvu na kuokotwa kwa mkono. Yalivuka bahari kupitia bandari za mashariki ya Mediterania hadi Ulaya, ambako yalifanyiwa jambo la ajabu zaidi: watengenezaji pombe wasio waaminifu wa Uingereza waliyatia ndani ya bia ili ionekane kali kuliko ilivyokuwa, mpaka sheria ya mwaka 1816 ikawakataza. Miaka minne kabla ya sheria hiyo, mwaka 1812, mwanakemia Mfaransa Pierre Boullay alikuwa amekwisha kuitenga sumu yenyewe kutoka katika mbegu. Jina pikrotoksini limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya uchungu na sumu. Baadaye ilibainika kwamba pikrotoksini si kitu kimoja bali ni mchanganyiko wa pikrotoksinini, ambayo ndiyo yenye ukali, na pikrotini, ambayo ukali wake ni mdogo sana.

Anamirta si mmea wa Afrika Mashariki, na ni vyema jambo hilo lisemwe mapema, maana msomaji wa Kiswahili anaposikia habari za mmea unaoua samaki hufikiria utupa mara moja. Utupa ni sumu itokayo kwa mtupa, yaani Tephrosia vogelii, ambao majani yake hutwangwa na kutiwa mtoni. Jina hilo limetumika pia kwa mnyaa, ule mmea wa utomvu mweupe unaopandwa kama ua katika vijiji vingi. Ndani ya mtupa mna rotenoni, kemikali inayoingia katika mitokondria, yaani viungo vya seli vinavyotengeneza nguvu, na kuzizuia zisitumie oksijeni. Samaki aliyepatwa na rotenoni hupanda juu akahema kwa pupa, kisha hulegea na kuelea, ingawa maji yanayopita katika matamvua yake bado yana hewa. Njia nyingine ni ya mjunju, Balanites aegyptiaca, mti wa miiba unaostahimili ukame, ambao maganda na matunda yake yana saponini, vitu vinavyotoa povu kama sabuni na kuharibu ngozi nyembamba ya matamvua. Nchini Ethiopia hutumiwa mbegu za mti uitwao birbira, nazo pia zina rotenoni. Wavuvi husema samaki wa namna hii wamelewa, na kwa kweli wamelipata neno: kiumbe kinachokosa nguvu ndani ya seli hulegea kama mlevi. Aliyepatwa na pikrotoksini halegei hata kidogo mwanzoni.

Huenda ikaonekana ajabu kuzungumzia samaki kwa kuitaja Takaba, mji wa Mandera Magharibi nchini Kenya, ambao hauna mto wa kudumu na ambao maisha yake yamejengwa juu ya ngamia, mbuzi, visima na silanga za kukusanyia maji ya mvua. Hata hivyo kaskazini mwa eneo hilo upo mto Dawa, unaopita Malka Mari katika mpaka wa Ethiopia, ukashuka hadi mjini Mandera kabla ya kuungana na Genale na kuzaa Juba. Na kusini, mbali kidogo, Tana hupita Garissa ikiwa na kambare na ningu wake. Katika nchi kavu namna hii maji ya samaki, ya mifugo na ya watu huwa ni yale yale, kwa hiyo sumu iliyokusudiwa samaki haiwezi kubaki jambo la wavuvi peke yao.

Isitoshe, lugha ya Wasomali wa eneo hili imekwisha kuipa sayansi ya sumu neno moja maarufu. Waabaayo ni jina la Kisomali la mti wa sumu ya mishale, ambao Waswahili huuita msunguti, na kutokana na jina hilo, kwa kupitia matamshi ya Kifaransa, ikapatikana uabaini, kemikali iliyotengwa mwaka 1888 na Mfaransa Arnaud. Uabaini husimamisha pampu inayotoa sodiamu ndani ya seli na kuingiza potasiamu, na kwa njia hiyo huvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo imo katika kundi jingine, sumu za moyo, na wala si sumu ya degedege, ijapokuwa mnyama aliyepigwa mshale anaweza kutapatapa kabla ya kufa. Kutapatapa kwa mwisho ni dalili ya karibu kila kifo cha ghafla, hivyo hakutoshi kuwa kigezo cha kuainisha sumu.

Kigezo kiko kwenye breki zenyewe. Seli za neva hupashana habari kwa kemikali, na kemikali hizo ziko za kuchochea na za kutuliza. Ile kuu ya kutuliza katika ubongo huitwa asidi ya gama-aminobutiriki, ambayo kwa kifupi huandikwa GABA. Inapofika kwenye kipokezi chake, yaani protini iliyojengwa kwa vipande vitano vilivyozunguka tundu jembamba katika utando wa seli, tundu hilo hufunguka na ioni za kloridi huingia, nayo seli huwa ngumu kuchochewa. Pikrotoksini haigombei kiti cha GABA, bali huingia ndani ya tundu lenyewe na kuliziba, hata GABA ikawa imekaa mahali pake na amri ya kutulia isifike. Hapa inatofautiana na bikukulini, sumu nyingine ya mimea, ambayo hukalia kiti hicho, na inatofautiana pia na strikinini, iliyotengwa Paris mwaka 1818 na Pelletier na Caventou, ambayo huvizuia hasa vipokezi vya glisini katika uti wa mgongo. Zote tatu ni sumu za degedege, ila namna zinavyozikata breki si moja.

Kwa samaki matokeo huonekana kwa hatua. Kwanza huogelea kuliko kawaida, akashtuka kwa kivuli au kwa mguso mdogo wa ukingo wa chombo, mambo ambayo samaki mzima huyazoea baada ya muda mfupi. Kisha huanza kuzunguka mahali pamoja kwa kasi, mapezi yakiwa yametanuka. Hatimaye mwili hukaza na kutikisika, samaki hupoteza mizani, akalala ubavu au tumbo juu, kisha akatulia kwa muda kabla ya kushikwa tena. Hatua hizi zimeelezwa kwa utaratibu katika maabara kwa kutumia vifaranga vya samaki mdogo wa mistari wa Asia ya Kusini, Danio rerio: mwaka 2005 Scott Baraban na wenzake wa Marekani walizigawa katika ngazi tatu, wakitumia pentilenitetrazoli, kemikali ya kiwandani inayozuia kipokezi kile kile cha GABA. Tangu hapo vifaranga hivyo vimekuwa kipimo cha kawaida cha kujaribia dawa za kifafa.

Ukali wa hatua ya kwanza una sababu yake katika ubongo wa samaki. Karibu kila samaki mwenye mifupa ana seli mbili kubwa za neva, moja kila upande wa ubongo wa nyuma, zinazoitwa seli za Mauthner kwa jina la Mwaustria aliyezieleza katika karne ya 19. Hatari ikitokea kushoto, seli ya kushoto hutuma amri kwa misuli ya kulia, mwili ukajipinda kama upinde na samaki akachomoka upande wa pili, yote hayo kwa muda usiofika nusu ya kufumba na kufumbua. Ili mpango huu ufae ni lazima seli ya pili inyamazishwe papo hapo, kwa maana zikituma amri zote mbili, misuli ya pande zote hukaza pamoja na samaki hukauka badala ya kukimbia. Kunyamazisha huko ndiko kunakohitaji breki, na ndiko sumu za aina hii zinakokuvuruga.

Kinachoua hatimaye mara nyingi ni kupumua. Kufungua mdomo na kusukuma maji katika matamvua ni kazi ya misuli inayoongozwa kwa mdundo kutoka ubongo wa nyuma, na mdundo huo ukivurugika hewa haipatikani wakati ule ule misuli inapoitumia kwa wingi. Kambare, ambaye ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu na hivyo huvumilia matope ambayo perege hawezi, hafaidiki sana hapa, kwa sababu ni lazima apande hadi juu kwa kuogelea sawasawa ili apate pumzi hiyo.

Umuhimu wa istilahi hii kwa Afrika Mashariki hauko katika tunda la India, ambalo halipatikani huku, bali katika madawa ya shambani. Endosulfani na lindeni, viuatilifu vya kiwandani vilivyotumiwa sana katika mazao na mifugo, huziba tundu lile lile la kipokezi cha GABA ambalo pikrotoksini huliziba, kiasi kwamba wanafamasia huita sehemu hiyo kwa jina la pikrotoksini hata wanapozungumzia dawa ya pamba. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa hofu kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakivua kwa viuatilifu, na endosulfani ilikuwa miongoni mwa vilivyotajwa. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kemikali zinazopaswa kuondolewa duniani. Vyombo vya habari vya mwaka 1999 viliviita viuatilifu hivyo sumu tu, na baadhi ya watu waliulinganisha uvuvi huo na utupa wa mababu, ulinganisho usiofaa: rotenoni huvunjikavunjika kwa jua katika muda wa siku, ilhali endosulfani hudumu katika matope na mafuta ya samaki.

Limebaki suala la kuchagua neno. Sumu ya kifafa haifai, kwa kuwa kifafa ni maradhi ya kudumu ya mtu, ambayo mashambulio yake hujirudia bila sumu yoyote kuingia mwilini. Mtukutiko na mtikisiko wa misuli ni maneno sahihi kwa kitendo, lakini hayaonyeshi kwamba chanzo kimo katika neva. Degedege ni shambulio linalokuja ghafla, lenye chanzo, na linalokoma chanzo kikiondolewa, na hivyo ndivyo sumu hizi zinavyotenda. Pingamizi kubwa ni kwamba neno hili limezoeleka kwa watoto wenye homa kali. Tafiti zilizofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 zilionyesha kuwa wazazi wengi waliona degedege kuwa ugonjwa wa kumwelekea mganga kabla ya hospitali. Pingamizi hilo lina uzito katika kliniki, si katika kitabu cha sumu, maana kuunganisha sumu ya degedege na degedege ya mtoto humfundisha msomaji kwamba zote mbili ni hitilafu ya neva yenye sababu inayochunguzika. Jina pikrotoksini lenyewe liachwe kama lilivyo kwa tahajia ya Kiswahili. Kulitafsiri kuwa sumu chungu hakufai kitu, kwa sababu uchungu wa ulimi hauhusiani na yanayotokea katika neva.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya usimamizi na maendeleo ya uvuvi inakataza kuvua kwa sumu bila kujali imetoka mtini au kiwandani. Afisa wa uvuvi au wa mifugo wa Mandera na Garissa anayeitwa kutazama samaki waliokufa hana budi kuuliza kwanza walionekanaje kabla ya kufa, na mfugaji anayewaona wakizunguka mahali pamoja na kukaza miili, si kuhema juu ya maji, asiwaokote kwa chakula, awazuie mbuzi na ngamia wasinywe hapo, na apeleke habari siku ile ile.