Modeli ya vizuizi vya janga
Modeli ya vizuizi vya janga ni hesabu ya kukadiria jinsi kupunguza safari na mikusanyiko kunavyobadili kasi ya maambukizi. Msingi wake uliwekwa na watafiti Kermack na McKendrick mwaka 1927. Vizuizi hivyo vilitumika katika janga la COVID-19: Machi 24, 2020 Rais Félix Tshisekedi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo alitangaza hali ya dharura na kuitenga Kinshasa na majimbo mengine ya nchi. Kwa Kindu, mji wa nchi hiyo unaofikiwa kwa mto Lualaba, reli na ndege, mfano ni huu: wagonjwa wakiongezeka maradufu kila siku 5, kupunguza wasafiri walioambukizwa hadi sehemu moja ya kumi huchelewesha mlipuko siku 17 hivi tu. Muda huo ni wa thamani kubwa kwa kuandaa oksijeni, lakini si kinga. Virusi vikishaingia, kila mgonjwa akiambukiza watu 2.5, makutano ya wakazi lazima yapungue kwa zaidi ya asilimia 60 ndipo ugonjwa urudi nyuma.