Kutoka senti 75 hadi kwenye podi

Leo naweka msimbo kando kidogo tuongee historia.

Kazi yangu siku hizi ni kutunza programu zinazoishi ndani ya kontena (si zile za bandari ya Kilindini, ingawa jina limetoka kwa ndugu zao wa melini). Swali linalonikosesha usingizi ni moja tu: mle ndani, nani anaongea na nani? Mwizi akiingia kwenye seva ulizokodi ng'ambo, bili huja kwa dola nawe unalipwa kwa shilingi. Basi nikaanza kufuatilia watu walijifunzaje kumnasa mwizi wa namna hii, na nikashangaa kuona njia nyingi zinapitia mlango mmoja: maabara ya Lawrence Berkeley, California.

Mwaka 1986 mwanafalaki Clifford Stoll alikuwa amehamishiwa kwenye tarakilishi za maabara hiyo. Akapewa kazi ya kitoto: hesabu za matumizi zilipishana kwa senti 75, atafute kwa nini. Wengi wetu tungezitoa mfukoni tukaenda kunywa chai. Yeye alichimba, akakuta kuna mtu ametumia mashine bila kulipa. Badala ya kumfungia mlango, alikusanya printa za ofisini akaziunganisha na laini za simu zilizoingia kwenye mashine, kila herufi aliyoandika mgeni ikachapwa kwenye karatasi. Mgeni huyo alikuja kujulikana kuwa Markus Hess wa Hannover, Ujerumani Magharibi, aliyekuwa akipekua kompyuta za kijeshi za Marekani na kuwauzia KGB alichopata.

Wakati huohuo Dorothy Denning alikuwa akiandika nadharia yake, iliyochapishwa mwaka 1987. Wazo lake ni jepesi kulisema, gumu kulitenda: jifunze kwanza mwenendo wa kawaida wa kila mtumiaji, kisha piga kengele anapoukengeuka. Mwaka 1990 Todd Heberlein na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha kwamba unaweza kusikiliza mtandao wenyewe, si kumbukumbu za mashine moja moja tu.

Turudi Berkeley. Maabara ileile ilitoa tcpdump, chombo ambacho mimi bado nakitumia kila wiki. Mwaka 1992 Steven McCanne na Van Jacobson wakaeleza BPF, yaani kichujio kidogo kinachokaa ndani ya kerneli na kuchagua pakiti unazozitaka kabla hazijakuchosha. Mwaka 1995 Vern Paxson, wa hapohapo, akaanza kuandika Bro, programu ya kuchunguza mawasiliano ya mtandao. Jina lilitokana na Big Brother wa George Orwell, na mwaka 2018 likabadilishwa kuwa Zeek.

Miaka yote hiyo mlinzi alikaa getini. Anwani ya IP ilikuwa kama namba ya nyumba, ukiijua unamjua mwenyewe.

Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, ilivuruga hesabu hiyo. (Jina ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani. Watu wa Lamu wangeliita Nahodha na kazi ingeendelea.) Humo podi huzaliwa na kufa kutwa nzima, na anwani ya leo asubuhi jioni ina mwenyewe mwingine. Tena podi mbili zikiwa kwenye mashine moja, mazungumzo yao hayatoki nje kabisa, kwa hiyo mlinzi wa getini haoni kitu. Na usipoweka masharti, kila podi inaruhusiwa kuongea na kila podi nyingine!

Matokeo yake tuliyaona Februari 2018. Kampuni ya usalama ya RedLock ilieleza kwamba wezi waliingia kwenye Kubernetes ya Tesla kupitia ukurasa wa usimamizi usio na nywila, wakapanda programu ya kuchimba sarafu za kidijitali. Hawakuwa na pupa. Waliweka matumizi ya prosesa chini, wakatumia mlango wa mtandao usiozoeleka, na wakaificha seva yao nyuma ya Cloudflare. Ukiangalia tu grafu za mzigo wa mashine hungeona kitu. Kilichoweza kuwafichua ni swali la Denning: hii podi, tangu lini inaongea na huko nje?

Jibu lilitoka kwa mjukuu wa Berkeley. Mwaka 2014 Linux ilipata eBPF, BPF iliyopanuliwa, na vyombo kama Cilium vikaitumia kutazama kila muunganisho tokea ndani ya kerneli. Hapo podi hutambuliwa kwa lebo zake, si kwa anwani. Unaandika kwamba "malipo" huongea na "hifadhidata" na basi, na siku "malipo" ikianza kugonga milango ya jirani unaona. Kwa maoni yangu hili ni muhimu kuliko hizo akili bandia tunazouziwa, maana kengele inayolia kila dakika tano huzimwa kabla ya wiki kuisha.

Tahadhari moja kwa wanaoanza. Kubernetes itapokea sheria zako za mtandao bila kunung'unika hata kama programu ya mtandao uliyosakinisha haizitekelezi, na hutapata onyo lolote. Ukishaandika sheria, ingia kwenye podi isiyoruhusiwa ujaribu kupita mwenyewe.