Umeweka SSD lakini video za YouTube bado zinakwama? Angalia haya kabla hujarudi kwa fundi

Laptop yako ya mtumba ilikuwa inachukua dakika kadhaa kuwaka. Fundi akakushauri uweke SSD, ukatoa pesa, na kweli sasa inawaka upesi. Lakini ukifungua YouTube picha bado inakatakata, feni inavuma kama mashine ya kusaga na sauti inatangulia midomo.

Je, umeuziwa SSD feki?

Mara nyingi jibu ni hapana. SSD imefanya kazi yake. Tatizo ni kwamba kucheza video ya mtandaoni si kazi ya SSD. Watu wengi wanatoa pesa mara ya pili, wananunua SSD kubwa zaidi au yenye kasi zaidi, na video inabaki vilevile.

Haya ndiyo ya kujua, na jinsi ya kupima mwenyewe bila kulipa hata senti.

SSD ni nini hasa?

Diski ya zamani, HDD, ina sahani zinazozunguka na kichwa kidogo kinachosogea kutafuta data. Teknolojia hiyo ilianza mwaka 1956, IBM ilipoleta diski ya RAMAC yenye sahani 50, iliyohifadhi herufi milioni 5 tu.

SSD haina kinachozunguka. Ndani yake kuna chipu za kumbukumbu aina ya NAND flash, teknolojia iliyobuniwa na Fujio Masuoka akiwa Toshiba, Japani, miaka ya 1980. Ni jamii moja na ile flashi unayobebea muziki na nyaraka, ila SSD ina kidhibiti bora na kasi kubwa zaidi.

Faida yake kubwa ni muda wa kutafuta. HDD ya laptop huchukua kama milisekunde 10 hadi 20 kulifikia faili moja. SSD inatumia chini ya milisekunde 1. Windows inapowaka inasoma maelfu ya faili ndogondogo, na ndiyo maana tofauti unaiona palepale.

Sasa kwa nini haisaidii video?

Tufanye hesabu kidogo. YouTube inapendekeza intaneti ya kasi hii:

- 480p: Mbps 1.1
- 720p: Mbps 2.5
- 1080p: Mbps 5
- 4K: Mbps 20

Zingatia hiyo "b" ndogo. Mbps ni megabiti kwa sekunde, wakati kasi ya diski huandikwa MB/s, yaani megabaiti. Baiti 1 ni biti 8. Kwa hiyo Mbps 5 za video ya 1080p ni sawa na MB 0.625 tu kwa sekunde.

HDD ya kawaida ya laptop inasoma takriban MB 100 kwa sekunde. Yaani hata ile diski uliyoitupa ilikuwa na kasi mara 160 ya kinachohitajika. Hata kwa 4K, bado ingekuwa mara 40.

SSD ya SATA inafika karibu MB 550 kwa sekunde, na ya NVMe inaweza kupita MB 3,000. Kwa video ya mtandaoni kasi hiyo ni sawa na kununua lori la kubebea kikapu cha nyanya.

Isitoshe, video unayoitazama mtandaoni kwa kiasi kikubwa hupitia kwenye RAM. Kivinjari kinaleta vipande vya sekunde chache, kinavicheza, kinaleta vingine. Unakumbuka zamani ulikuwa unapause video ili "ijae" kwanza? Siku hizi haijai yote, kwa sababu tovuti zinaleta vipande kadiri unavyotazama na kubadilisha ubora kulingana na kasi ya intaneti yako.

Mzigo uko kwenye kodeki

Picha moja ya 1080p ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni 2. Video ya kawaida ina picha 30 kila sekunde. Kama ingetumwa bila kubanwa, kwa biti 24 kila nukta, ingehitaji karibu MB 187 kwa sekunde. Bando la GB 11 lingeisha ndani ya dakika moja.

Hapo ndipo inaingia kodeki, yaani kanuni ya kuibana video inapotumwa na kuifungua inapofika kwako. Zinazotumika sana mtandaoni ni tatu:

- H.264, ya mwaka 2003. Ya zamani, karibu kila kifaa kinaielewa.
- VP9, ya Google, mwaka 2013. Inabana zaidi, hivyo inaokoa data.
- AV1, ya mwaka 2018, kutoka muungano wa kampuni za teknolojia uitwao Alliance for Open Media. Inabana zaidi ya VP9.

Kadiri kodeki inavyobana zaidi, ndivyo kuifungua kunavyohitaji nguvu zaidi. Kwa hiyo bando linapona, lakini kompyuta inatoka jasho.

Kompyuta ina njia mbili za kufungua video. Ya kwanza ni kutumia sehemu maalumu ya chipu iliyojengwa kwa kazi hiyo tu. Hapo video inateleza na feni haisikiki. Ya pili, kama sehemu hiyo haiijui kodeki husika, ni prosesa yenyewe kufanya kazi yote kwa mkono. Na haina muda wa kupoteza: video ya fremu 60 kwa sekunde inaipa kama milisekunde 17 kwa kila fremu. Fremu ikichelewa inarukwa, nawe unaona picha inakatakata.

Prosesa yako inajua kodeki gani?

Kwa prosesa za Intel, ambazo zimejaa kwenye laptop za mtumba, tazama namba baada ya alama ya kistari. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-7200U ni cha 7, i5-8250U ni cha 8, na i5-1135G7 ni cha 11.

- Kizazi cha 2 hadi cha 6: H.264 inafunguliwa na chipu bila shida. VP9 haina msaada kamili, prosesa inabeba sehemu kubwa ya mzigo.
- Kizazi cha 7 hadi cha 10: VP9 inafunguliwa na chipu. AV1 bado.
- Kizazi cha 11 na kuendelea: zote tatu kwa kawaida.

Hii ndiyo inafanya laptop mbili zinazofanana sura ziwe tofauti. HP EliteBook 840 G3 kwa kawaida ina kizazi cha 6, na 840 G4 mara nyingi ina cha 7. Kwa nje ni kama mapacha, lakini kwenye VP9 haziko sawa. Ukienda kununua, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, usitosheke na jina la laptop wala maneno "ina SSD". Omba iwashwe, usome namba ya prosesa mwenyewe.

Pima mwenyewe kwa dakika mbili

Fungua video YouTube kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video, chagua "Stats for nerds". Kitatokea kisanduku chenye namba. Angalia vitu vitatu:

1. Codecs. Ukiona avc1 ni H.264, vp09 au vp9 ni VP9, av01 ni AV1.
2. Buffer Health. Ni sekunde za video zilizokwisha kufika. Zikiwa zinashuka hadi karibu na 0, tatizo ni intaneti.
3. Dropped frames. Ni fremu zilizorukwa. Zikiongezeka haraka wakati bafa iko vizuri, tatizo ni kompyuta kushindwa kufungua video.

Kisha fungua Task Manager ya Windows, nenda Performance. Kama kwenye GPU mstari wa Video Decode umelala 0 huku CPU iko juu sana, prosesa inafanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na chipu ya video.

"Mbona kabla ya SSD ilikuwa inacheza vizuri?"

Hili linawapata wengi na wanailaumu SSD bure. Fundi akiweka SSD, mara nyingi anaweka na Windows mpya. Kama hakuweka draiva ya grafiki, kompyuta inatumia ya muda tu, na chipu ya video inakaa bila kazi.

Fungua Device Manager, tazama Display adapters. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter" badala ya jina kama Intel HD Graphics, umeshampata mchawi. Pakua draiva kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptop yako. Ni bure.

Angalia pia mipangilio ya kivinjari. Kwenye Chrome, sehemu ya System, hakikisha matumizi ya chipu ya grafiki hayajazimwa.

Suluhisho zisizo na gharama

- Shusha ubora. Skrini nyingi za laptop za zamani ni nukta 1,366 kwa 768. Kwenye skrini hiyo 1080p haikuongezei chochote cha maana. Chagua 720p. Kwa viwango vya YouTube vya hapo juu, saa moja ya 1080p inaweza kufika GB 2.25, na ya 720p kama GB 1.1.
- Lazimisha H.264. Kuna kiendelezi cha kivinjari kiitwacho h264ify kinachoiomba YouTube itume H.264. Kompyuta ya zamani inapumua. Gharama yake ni mbili: data inatumika zaidi kwa ubora uleule, na hutapata zaidi ya 1080p, kwa kuwa YouTube haitoi H.264 juu ya hapo.
- Punguza kurasa zilizo wazi. Kurasa 30 kwenye RAM ya GB 4 ni balaa.

Pale SSD inaposaidia kweli

RAM ikijaa, Windows inahamishia sehemu ya data kwenye diski. Kama ni HDD, kompyuta nzima inaganda, na video inaganda nayo. Hapa SSD inaleta nafuu kubwa. Lakini dawa yenyewe ni kuongeza RAM, mfano kutoka GB 4 hadi 8.

Pia kama unahariri video, unakopi faili kubwa au unatunza video zako kwenye kompyuta, kasi ya SSD utaiona kila siku.

Je, kutazama video kunaiua SSD?

Swali hili huwagawa wapenzi wa kompyuta. Ni kweli chipu za SSD huchakaa kwa kuandikwa, na vivinjari vinaandika kila mara. Firefox kwa kawaida huhifadhi kumbukumbu ya kurasa zako kila sekunde 15.

Lakini tazama kiwango. Samsung 870 EVO ya GB 250 ina dhamana ya kuandikwa hadi TB 150. Ukiandika GB 20 kila siku, itakuchukua zaidi ya miaka 20 kufika huko. Laptop yenyewe itakuwa imeshakufa. Kama SSD yako ni ya mtumba, pima afya yake kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Na kama unashuku ukubwa wake ni wa uongo, H2testw itakuambia ukweli. Hamisha kwanza faili zako.

Tahadhari: flash hizi mbili si ndugu

Usichanganye flash ya kwenye SSD na Adobe Flash Player. Hiyo ya pili ilikuwa programu, na YouTube ilianza kwa kuitumia mwaka 2005. Januari 2015 YouTube ikahamia HTML5, ambayo inacheza video ndani ya kivinjari bila programu ya ziada. Adobe iliacha kuihudumia Flash Player tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikaizuia kucheza maudhui.

Kwa hiyo leo ukurasa wowote unaokuambia "sasisha Flash Player ili uone video" ni mtego. Funga ukurasa, usipakue kitu.

Kwa hiyo pesa iende wapi?

Kama una laptop ya zamani na bajeti ni ndogo, fuata mpangilio huu:

1. Draiva ya grafiki na mipangilio ya kivinjari. Bure.
2. SSD, kama bado unatumia HDD. Ya SATA inatosha. Kama laptop ina nafasi ya M.2, uliza kwanza inapokea SATA au NVMe, maana umbo linafanana lakini si kila nafasi inapokea zote.
3. RAM, kama iko chini ya GB 8.
4. Baada ya hapo, kama video za VP9 bado zinakwama na hutaki kushusha ubora, hakuna SSD itakayokuokoa. Prosesa ya laptop haibadiliki kirahisi, nyingi zimechomelewa kwenye ubao. Weka akiba ya mashine ya kizazi cha 7 au zaidi.

Fundi akikuambia "weka SSD kubwa zaidi, YouTube itanyooka", mfungulie "Stats for nerds", kisha mwombe akuonyeshe SSD inahusika wapi.