Nani abebe kifurushi? Historia ya njia ya Oyugis hadi kusini mwa Afrika

Leo naweka kando mambo ya programu (si sana, mtaona) nizungumzie swali ambalo naulizwa kila mara na watu wanaodhani kwamba mtu wa kompyuta anajua kila kitu. Nikitaka kutuma kifurushi Gaborone, Maseru, Lusaka au Johannesburg, nimpe nani? Posta? Kampuni binafsi? Au nitafute mtu anayesafiri?

Wengi wanataka kusikia bei tu. Mimi huwaambia waulize kwanza jambo jingine: kifurushi chako kitapita mikononi mwa nani, na kikikwama katikati utamwuliza nani? Ukiisoma historia ya njia hii utagundua kwamba umbali ulipata dawa zamani sana. Kinachosumbua mpaka leo ni makabidhiano.

Hebu tuanze nyuma kidogo. Uhusiano wetu na kusini ni mkongwe. Misheni ya Waadventista ya Gendia, karibu na Kendu Bay, ilianzishwa mwaka 1906 na Arthur Carscallen, na aliyekuja pamoja naye ni Peter Nyambo, mtu wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Sasa fikiria mzigo wa kutoka Gendia kwenda Nyasaland enzi hizo. Kwanza chombo cha ziwani hadi Kisumu. Kisha reli, iliyokuwa imefika Kisumu Desemba 1901, hadi Mombasa. Kisha meli hadi pwani ya Msumbiji, halafu safari ya kupanda bara. Hapo umehesabu wabebaji wanne, na hakuna hata mmoja anayemjua mtumaji.

Ni nini kilichowafanya wabebaji wasiojuana waheshimu mzigo wa mtu wasiyemjua? Mkataba. Mwaka 1874 nchi 22 zilikutana Bern, Uswisi, zikaanzisha umoja wa posta ambao tangu 1878 unaitwa Umoja wa Posta Duniani (UPU). Wazo lilikuwa rahisi: nchi zote wanachama zihesabiwe kuwa eneo moja la posta. Unalipa mara moja tu, pale unapotuma, na kila posta inabeba barua za wenzake kana kwamba ni zake. Tena kwa karibu miaka mia moja nchi iliyopokea barua haikulipwa kitu kwa kuigawa, kwa hoja kwamba kila barua huleta jibu na mwishowe hesabu zinalingana. Malipo baina ya nchi zinazotuma na zinazopokea yaliamuliwa mwaka 1969 tu, kwenye mkutano wa Tokyo. Vifurushi vilipata mkataba wao mwaka 1880.

Wenzangu wa intaneti, hii haiwakumbushi kitu? Mitandao inayomilikiwa na watu tofauti inakubaliana kupokezana pakiti, na hakuna anayemiliki njia nzima. Posta ilifanya hivyo karibu karne moja kabla yetu.

Sasa njoo miaka ya 1930, kipindi ambacho wengi hapa kwetu hawakijui. Kisumu, mji ambao kutoka Oyugis unaufikia kwa matatu moja tu, ulikuwa kituo kikubwa cha barua za ndege za Afrika. Shirika la Imperial Airways lilianza safari za kutoka London hadi Mwanza mwaka 1931, na Januari 1932 likaongeza njia hadi Cape Town. Ndege ya kutua majini ilileta barua Kisumu. Pale zilihamishiwa ndege ya nchi kavu, zikapita Nairobi, Dodoma, Mbeya, Broken Hill (leo Kabwe), Salisbury (leo Harare), Bulawayo na Johannesburg mpaka Cape Town.

Mwaka 1937 mambo yakawa mepesi zaidi. Ndege kubwa za majini zilianza kwenda moja kwa moja: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Beira, Lourenço Marques (leo Maputo) mpaka Durban. Barua kutoka Uingereza zilibebwa kwa ndege kwa senti moja na nusu ya Kiingereza kwa nusu aunsi, bila nyongeza. Kwa hiyo barua ya mtu wa Nyanza Kusini iliweza kupanda ndege Kisumu na kushuka Durban bila kupitia uwanja wa Nairobi!

Lakini angalia vizuri: nimesema barua. Mzigo mzito uliendelea kwenda kwa meli. Meli za British India zilipita Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, Beira hadi Durban. Mgawanyo ule wa ndege kwa kilicho chepesi na meli kwa kilicho kizito ndio unaoelea mpaka leo nyuma ya kila bei unayotajiwa dirishani.

Safari za ndege za majini kwenda Afrika Kusini zilikoma mwaka 1950. Nairobi ikachukua nafasi ya Kisumu, na ndege za South African Airways zilikuwa zikitua huko njiani kwenda Ulaya. Kisha siasa ikaingia. Mei 1963, viongozi wa Afrika walipoanzisha OAU mjini Addis Ababa, waliamua kuibana serikali ya ubaguzi wa rangi kwa kuinyima anga na bandari. Mwaka huohuo ndege za Afrika Kusini zikaanza kuizunguka Afrika kwa upande wa magharibi, juu ya bahari. Mwaka 1979 mkutano wa UPU wa Rio de Janeiro ulipitisha kuiondoa Afrika Kusini, na uanachama wake ulirejea kikamilifu mwaka 1994.

Silalamikii uamuzi ule, ulikuwa wa haki. Ninachotaka uone ni kwamba barabara, ndege na bahari vilikuwepo vilevile. Kilichovunjika ni makabidhiano.

Katika miaka hiyohiyo ndipo wazo jingine lilizaliwa mbali na hapa. Mwaka 1969 Dalsey, Hillblom na Lynn walianzisha DHL. Walibeba hati za mizigo kwa ndege kutoka San Francisco hadi Honolulu ili hati zifike kabla ya meli na forodha ianze kazi mapema. Badala ya mnyororo wa posta za serikali zinazopokezana, hapa kampuni moja inashika mzigo kutoka mlango hadi mlango. Unalipa zaidi, lakini wa kuulizwa ni mmoja. Jambo la kuchekesha ni kwamba tangu 2002 DHL yote ni mali ya Deutsche Post, yaani posta ya Ujerumani. Mtoto wa kuikimbia posta akaishia nyumbani kwa posta.

Haya, sasa tuje kwenye kompyuta. Ukituma kifurushi cha nje kupitia Posta ya Kenya unapewa namba ya herufi na tarakimu 13. Herufi mbili za mwanzo zinaeleza huduma: inayoanza na C ni kifurushi, E ni EMS, R ni barua ya rejista. Zinafuata tarakimu 8, kisha tarakimu moja ya ukaguzi, na mwisho KE, yaani imetoka Kenya. Tarakimu ya ukaguzi unaweza kuipiga mwenyewe. Chukua 12345678, zidisha kila tarakimu kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7 kwa mpangilio huo, jumlisha upate 204. Gawanya kwa 11, inabaki 6. Toa 6 kwenye 11, unapata 5. Kwa hiyo CP123456785KE ni namba iliyoandikwa sawasawa. (Ukipata 10 andika 0, ukipata 11 andika 5.) Mtu akikupa namba isiyokubali hesabu hii, kuna tarakimu imekosewa, au unadanganywa.

Njiani, posta zinatumiana alama za matukio. EMA ni kupokelewa kwa mtumaji, EMC ni kuondoka nchini, EMD ni kufika nchi ya pili, EME ni kushikwa na forodha, EMI ni kukabidhiwa mwenyewe. Kati ya EMC na EMD kuna kimya. Mzigo umetoka kwa posta moja na haujaandikwa na nyingine. Hapo ndipo wateja wengi huanza kupoteza usingizi, na hapo ndipo historia yote niliyosimulia inaishi.

Binamu yangu anafundisha Botswana. Mwajiri wake alitaka vyeti halisi, si nakala, kwa tarehe maalum, la sivyo mkataba usingeongezwa. Nyumbani wazee walikuwa na maoni yao: mmoja alitaka Posta kwa sababu ya bei, mwingine alitaka apewe kijana mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda Johannesburg. Siku hizi wasafiri wa hivyo ni wengi, maana tangu Januari 2023 Mkenya haihitaji viza kuingia Afrika Kusini kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Lakini Johannesburg si Gaborone. Kijana angelazimika kukabidhi tena, kwa mtu ambaye hatumjui. Nikawaambia wazee: hiki ni kitu kisicho na kifani, kikipotea hakuna fidia itakayokirudisha. Tukalipia kampuni binafsi, mkono mmoja tu. Wakati huohuo alikuwa ameomba vinyago vya mawe ya Tabaka vya kuwapa wenzake zawadi. Hivyo vilikwenda kwa Posta, kwa sababu kikivunjika kimoja fundi bado yuko Tabaka.

Ukitaka kuamua mwenyewe, zingatia haya. Kampuni binafsi nyingi hulipisha uzani wa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Boksi la 40 kwa 30 kwa 30 linahesabiwa kilo 7.2 hata kama ndani kuna vikapu vyepesi. Jiwe la Tabaka halina shida hiyo, uzani wake ni wake. Anwani nayo ni muhimu: Posta inafikisha kwenye sanduku la posta, ila kampuni binafsi inataka jengo, mtaa na namba ya simu. Na forodha: Afrika Kusini, Botswana, Lesotho, Eswatini na Namibia ziko kwenye umoja mmoja wa forodha ulioanza 1910, lakini Kenya haimo. Zambia, Malawi na Zimbabwe tuko nazo COMESA. Popote unapotuma, andika yaliyomo kwa ukweli na kwa maneno ya wazi. "Zawadi" peke yake si maelezo. Tangu 2021 kanuni za UPU zinataka taarifa hizo za bidhaa zitangulie kwa kompyuta kabla ya mzigo wenyewe, kama zile hati za Honolulu.

Kisha hesabu mikono. Kitu chenye mbadala kinaweza kupita mikono mingi kwa bei nafuu. Kisicho na mbadala kipe mkono mmoja, hata ikibidi familia ichange.

Nikipata wasaa nitaandika programu ndogo ya kukagua hizo namba za tarakimu 13, niiweke hapa muichukue bure. Mpaka wakati huo, kalamu na karatasi vinatosha.